Jina Chini ya Bakuli: Maisha ya Lowell Kvamme wa Nordby

Mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani wa Nordby na ninyi mliovuka mto kuja kutuzikia, kabla historia hii haijasomwa familia inamwomba kila mmoja aape moyoni kwamba atakayoyasikia yataishia kwenye mlango wa kanisa hili, na wewe uliyekaa nyuma karibu na makoti uape mara mbili, tunakufahamu. Mkishaapa, mjue kwamba msomaji naye aliapishwa na marehemu mwenyewe, tarehe 12 Januari mwaka huu, alipomshika mkono akasema, "Dada, hili tuzikwe nalo," naye akaapa, na leo anakivunja kiapo hicho mbele yenu. Msomaji ni Ardis, dada wa marehemu, naye atajitaja kwa jina kama mtu mwingine yeyote, maana akianza kusema "mimi" mapema karatasi hii haitafika mwisho.

Marehemu Lowell Kvamme alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, hapa Nordby, kaunti ya Tamarack, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Palmer na Inga Kvamme, wakati theluji imefunika madirisha ya chini, mkunga akaingia kwa dirisha la juu. Ardis alikuwa na miaka miwili, na aliambiwa amtunze mdogo wake.

Alianza shule ya Nordby mwaka 1964 akamaliza 1976, akaendelea na chuo cha kilimo kwa miaka miwili, tofauti na dada yake aliyeacha darasa la kumi akaenda kusuka na kukata nywele za watu, na kusikiliza mambo yao. Darasani Lowell hakuwahi kuibia jibu, na mwaka 1971 alimrudishia mwalimu karatasi ya mtihani akisema, "Mwalimu, umenipa alama mbili si zangu," jambo lililowaudhi wenzake mpaka wakamwita Askofu.

Tarehe 20 Juni 1981, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Corinne Rud, aliyeketi hapa mbele, wakahamia shamba la wakwe ng'ambo ya mto, ambako ni kaunti nyingine, wakajaliwa watoto wawili, Britta mwaka 1984 na Kent mwaka 1987. Alifuga ng'ombe wa maziwa na kuuza mbegu za mahindi mpaka mgongo ulipomkataza.

Wengi mnaikumbuka kazi yake ya mwisho, na wengi mmeisema vibaya. Mwaka 2016 kampuni za bima zilianza kulikimbia jimbo letu, na sisi tusio na mwajiri, wakulima, mafundi na wenye saluni, tunaojinunulia bima wenyewe, tuliona bei ikipanda msimu hadi msimu, wazima wakajitoa, wagonjwa wakabaki peke yao, na kwa kubaki peke yao bei ikazidi kupanda. Ndipo bunge la jimbo likaunda mfuko wa kubeba sehemu ya gharama za wagonjwa wazito zaidi, ili kampuni zisiondoke na bei ishuke kwa wote, lakini mfuko huo ungesimama tu kama wazima nao wangerudi kundini, na mtu wa kuwarudisha huku kwetu, kuanzia tarehe 1 Septemba 2017, alikuwa Lowell.

Alikaa kwenye meza ya ukumbi wa chini wa makanisa kumi na moja, na fomu zake, na kahawa nyepesi mnayoijua, akirudia maneno yale yale: "Jamani, msiba ukitokea hapa kila nyumba inaleta bakuli, hata nyumba isiyofiwa mwaka huo. Hakuna anayesema sili kwa hiyo sileti. Bima ni hivyo hivyo, leteni bakuli." Watu walicheka wakajaza fomu, na mwaka wa pili bei ikashuka.

Wa kwanza kukataa kuleta bakuli alikuwa Ardis. Alijitoa mwanzoni mwa 2018, akisema hajapiga chafya miaka sita, na aliyasema hayo saluni kwa sauti, mbele ya wateja walioketi chini ya vikaushio: "Lowell ni mdogo wangu nampenda, lakini mtu mzima akinunua ugonjwa wa jirani, huyo ndiye mgonjwa." Wanne katika wateja hao wakajitoa pia, na wawili wako hapa leo wanaangalia viatu vyao.

Nyonga ya kushoto ya Ardis ilikufa kati ya Krismasi ya mwaka huo na Machi. Muda wa kujiandikisha ulikuwa umefungwa tangu Januari, na mlango mdogo uliobaki kwa mtu kama yeye ulikuwa kuhamia kaunti nyingine, naye Ardis mlango huo aliujua, kwa sababu Lowell mwenyewe aliueleza kanisani. Jumatatu tarehe 11 Machi 2019 alifika jikoni kwa Corinne na fimbo mbili, akalia machozi ambayo nusu yake ilikuwa ya kweli. Lowell akasema, "Basi hamia kweli, dada. Chumba cha Britta ni kitupu. Ukihama kweli, sijaandika uongo." Ardis akaahidi, fomu ikajazwa, akatia sahihi.

Alilala pale siku mbili. Siku ya tatu alirudi kwake Mtaa wa Ghala, kwa paka na saluni yake, akaacha ndala zake chini ya kitanda cha Britta na kumwambia Lowell, "Si ndala zangu ziko kwako? Basi naishi kwako." Corinne anasema kwamba kila Jumamosi Lowell alifagia chumba kile, akazipanga ndala zile ziangalie mlango, kana kwamba mwenyewe atarudi. Tarehe 2 Mei Ardis alipasuliwa, gharama ikawa kubwa, na sehemu yake ikabebwa na ule mfuko aliowacheka walioulisha.

Jumapili tarehe 3 Novemba 2019, msimu wa kujiandikisha umefunguliwa, tulikula pamoja hapa chini, na mkubwa wa kazi wa Lowell, Bi. Renata Voss, alikuja kutoka mji mkuu wa jimbo kumpongeza. Mama huyu hakujua kukaa bure, akachukua taulo akausaidia upande wa wanaokausha vyombo, na kama kila mwanamke wa Nordby anavyofanya ili bakuli lirudi nyumbani, Ardis alikuwa amebandika jina na anwani chini ya bakuli lake la bluu, kibandiko kipya chenye picha ya boga, cha aina iliyoanza kuuzwa vuli ile. Bi. Voss akaligeuza, akasoma kwa sauti ili mwenyewe aje: "Ardis Kvamme, Mtaa wa Ghala 418, Nordby." Kisha akageuka. "Lowell, huyu si dada yako aliyehamia kwako? Fomu yake niliipitisha mwenyewe."

Ukumbi mzima ukasikia. Lowell akalichukua bakuli, akasema, "Hicho cha zamani," uongo wake wa kwanza na wa mwisho, akaanza kukikwangua kibandiko kwa ukucha mbele ya wote, kikang'oka kizima kikamganda kwenye kidole gumba, akasimama hivyo, mkono juu, boga likionekana. Ardis alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameshika birika la kahawa, na alichosema ni, "Nani anaongezewa?"

Jumatatu Lowell aliandika barua ya kuacha kazi. Wiki ile, saluni, mliuliza kama ni kweli Lowell alikuwa akichezea fomu za watu, naye Ardis akajibu, "Mimi sijui, na hata ningejua nisingesema," na kila aliyezaliwa Nordby anajua jibu hilo maana yake ni ndiyo. Tangu hapo Lowell hakuitwa tena Askofu, na kwa miaka mitano alikaa benchi la mwisho kanisani, akaondoka kabla ya kahawa.

Oktoba 2024 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa bima aliyoilipia kila mwezi bila kukosa, na alfajiri ya Ijumaa tarehe 17 Januari 2025 alifariki nyumbani, Corinne akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliosukuma theluji njiani tangu Ijumaa, Bi. Voss aliyeendesha gari kwa muda wa saa nne kufika hapa, na akina mama walioleta mabakuli yaliyo chini.

Jana, tulipokuwa tukiandika historia hii, Britta alifungua kitabu cha nyimbo cha baba yake, akakuta ndani ya jalada kibandiko chenye boga, akauliza, "Shangazi, hiki ni nini, mbona kina jina lako?" Nikamjibu, "Sijui." Hata jana, Britta. Nimekichukua, nimekibandika hapa kifuani kwangu, na aliye mbali asogee asome.

Lowell, mdogo wangu, shusha mkono sasa ulale. Kidole chako hakina kitu.