Dorothée, Mwenye Wimbo Wake

Marehemu Dorothée alizaliwa Nundu tarehe 12 Machi 1919. Alisoma shule ya misheni miaka mitatu, kisha akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Bibi yake alikuwa akicheka: "Huyu mutoto, hata mbuzi akilia anamubembeleza!"

Mwaka 1938 aliolewa na Placide, mfanyakazi wa reli, wakahamia Albertville. Katika kambi ya wafanyakazi wa reli hakujua mtu. Alipomzaa Raphaël, mwaka 1946, alimlaza kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe kwa hamu ya kwao: "Lala mwanangu, muhogo wa bibi umeiva, ukiamka tuko Nundu." Jirani yake Isidore, mpiga gitaa, alimsikia kupitia ukutani. Mwaka 1952 wimbo ukatoka kwenye sahani ya gramafoni kwa jina la Isidore. Neno "mwanangu" limeondolewa, limewekwa "cheri", yaani mpenzi, na pombe imeongezwa juu. Watu wakacheza. Mwenyewe hakuambiwa hata asante.

Placide alifariki mwaka 1955. Dorothée akaja hapa Baraka na watoto, akauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Siku moja mzee wa kanisa, Nicolas, alimkuta akimlaza binti yake mdogo, Constance.

"Mama, wimbo wa baa unaimbia mutoto?"

"Mzee, huu wimbo ni wangu. Niliutunga nikimubeba Raphaël."

"Wako? Ule wa Isidore? We muuza ndagala!"

"Basi muulize Isidore, muhogo wa Nundu iko wa bibi yake?"

Bamama wa jirani walicheka. Mzee hakucheka. Jumapili iliyofuata wazee walimtenga na Meza ya Bwana, na hakuna aliyemuuliza Isidore.

Mwezi wa sita mwaka huu homa ya mapafu ilimshika. Wazee walifika kitandani: akiri kwamba wimbo aliutoa baa, wamsamehe. Alijibu kwa upole, "Zambi zangu nitatubu zote. Hii haiko yangu." Wakaenda na mkate wao. Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1958, bila kuushiriki.

Ameacha watoto wawili, Raphaël na Constance, na dada yake mkubwa, Adolphine, aliyeandika maneno haya.

Jina la Dorothée lingali katika daftari la waliotengwa. Familia haiombi asamehewe. Inaomba jina lifutwe, kabla udongo haujamfunika. Mzee Nicolas, daftari unalo mkononi, na kalamu hii hapa. Tunangoja.

Nawe Dorothée, pumzika. Mungu hakukunyima mahali pako mezani.