Kusanya, Jenga, Sakinisha

Benchi la mbele ya kibanda cha Volti lina miguu mitatu na tofali moja. Tofali lililetwa na Plasta, ndiyo maana Plasta hukaa upande huo na kujiona mwenye nyumba. Plasta ni mwashi. Volti ni fundi wa simu na redio, na sikio lake moja limechoka kwa kupima spika. Wa tatu ni Wakili, ambaye si wakili hata kidogo. Huwaandikia watu barua kwa taipureta nje ya mahakama, lakini muulize hata njia ya kwenda sokoni, atakujibu kwa vifungu vya sheria. Kahawa ni ya Shangazi, shangazi wa mtaa mzima, mwanamke asiyemwonea mtu aibu. Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, wote wanne walikuwa wameinamia laptopu moja kuukuu. Nyuma yao, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni, alisimama mwenye laptopu, fundi cherehani wanayemwita Sindano.

Sindano hakuwa na raha. Mdogo wake wa kike alikuwa anaolewa Jumamosi. Wiki mbili nyuma alimtumia kaka yake kwa basi kitambaa cha mita sita kutoka mji wa mbali, cheupe cha rangi ya maziwa, kisha akamtumia faili moja kwa barua pepe yenye maneno mawili tu: Nishonee hii. Humo kwenye faili ndimo lilimokuwa gauni, limechorwa kwa programu ya kuchorea ruwaza za nguo. Bila programu hiyo faili halifunguki, na laptopu ya Sindano ilikuwa nzee mno kupokea programu iliyo tayari. Ikabaki njia moja: kuchukua msimbo chanzo, yaani programu kama ilivyoandikwa na wenyewe, na kuijenga hapohapo. Asipokata kitambaa leo, kesho hana cha kushona. Akikata kwa kubahatisha na akakosea, mita nyingine kama zile hazipo.

Kulikuwa na njia ya tatu, kumpigia mwenyewe amuulize, ila Sindano hakutaka kuifikiria. Miaka miwili iliyopita mdogo wake alipoaga kwenda kusomea uchoraji wa nguo kwa kompyuta, Sindano alimwambia mbele za watu: “Kipanya kinakula nguo, hakishoni.” Watu walicheka. Mdogo wake hakucheka. Tangu siku hiyo hawajasemezana.

— Soma tena maelekezo, — alisema Wakili.

— Hatua tatu, — Volti akasoma. — Moja, kusanya tegemezi zote. Mbili, jenga. Tatu, sakinisha.

Hapo ndipo kosa la Volti lilipokuwa. Alikuwa ameiweka laptopu kwa Kiswahili ili kumrahisishia Sindano, na matokeo yake benchi zima likawa la wataalamu.

— Kujenga niachieni mimi, — Plasta akasema, akakunja mikono ya shati.

— Subiri, — Wakili akainua kidole. — Hapo juu pameandikwa “programu huria”. Kitu hakiitwi huru mpaka kiwe kilifungwa. Swali langu ni moja tu. Kilifungwa kwa kosa gani?

— Hakikufungwa, bwana! — Volti akajibu. — Maana yake kila mtu anaruhusiwa kuona ilivyoandikwa ndani.

— Hata mimi? — Shangazi akauliza.

— Hata wewe, Shangazi.

Shangazi akaweka birika chini, akainama, akaangalia mistari ikipita kwenye kioo. Akaguna.

— Hii bado mbichi. Wenzenu wanauziwa kahawa kwenye kikombe, ninyi mmepewa buni. Inatakiwa ikaangwe, itwangwe, ichemshwe. Mwambieni Sindano atafute pa kukaa.

Kwa kweli hilo ndilo lililokuwa jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na kama ilivyo kawaida ya benchi, hakuna aliyelizingatia. Volti akabonyeza. Laptopu ikafikiri, ikajikagua, ikaandika kwa rangi nyekundu: Maktaba haikupatikana.

— Haikupatikana vipi? — Plasta akasimama. — Maktaba ipo nyuma ya posta, mimi mwenyewe nilipiga lipu ukuta wake!

— Siyo maktaba hiyo, Plasta. Ni…

— Imeandikwa maktaba au haijaandikwa?

— Imeandikwa, lakini…

— Basi. Naenda kuwaambia.

Akaondoka kwa hatua ndefu, kofia ya kazi kichwani. Volti akaivuta laptopu. Akaitafuta ile maktaba ya kweli mtandaoni, yaani kipande cha programu ambacho programu nyingine hukiazima, akaiweka, akabonyeza tena. Laptopu ikasema maktaba ile nayo inategemea nyingine. Ile nyingine ikawa na zake tatu.

— Kumi na saba, — Volti akahesabu, akajifuta jasho. — Tegemezi kumi na saba.

— Masikini, — Shangazi akasema. — Kijana mwenyewe programu, na watu kumi na saba wanamtazama yeye.

— Hapana, Shangazi. Yeye ndiye anayewategemea wao.

— Kumi na saba wote? Na anaoa lini mtu wa hivyo?

— Kisheria, — Wakili akadakia, — mtu mzima mwenye akili timamu hawezi kuwa na walezi kumi na saba. Nitamwandikia barua akae kwa mmoja. Wengine awasalimie sikukuu.

Sindano alicheka pamoja nao, ila mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika simu. Namba ya mdogo wake ilikuwamo. Lakini angempigia, aseme nini? Aseme kipanya kimemshinda? Akautoa mkono mtupu. Mezani kwa Volti simu kumi na moja zilizopona zilikuwa zimepangwa zikisubiri wenyewe, na moja ilipolia ghafla, Sindano aliruka kama ameitwa jina.

Plasta alirudi saa sita, uso unang'aa.

— Wamesema hiyo mliyoitaja hawana, — akatangaza. — Lakini wamenipa hii.

Akatoa kadi. Ilikuwa kadi ya uanachama wa maktaba, imebandikwa picha yake akiwa na kofia ya kazi.

— Ukiwa na hii unaazima vitabu viwili kwa mara moja. Iwekeni hapo karibu na mashine, ijue tumeshughulika.

Wakaiweka. Volti akabonyeza kwa mara ya mwisho, na laptopu, ambayo sasa ilikuwa na tegemezi zake zote kumi na saba, ikaandika: Inajenga, asilimia moja. Plasta akaitazama kadi yake, akaitazama laptopu, akajipigapiga kifuani. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye.

Sasa ikawa zamu yake kweli. Alivuta tofali la akiba akakaa mbele ya kioo, akawa anawatafsiria.

— Asilimia nne. Anachimba msingi.

— Na hayo maandishi ya njano? — Wakili akauliza.

— Maonyo, — Volti akajibu. — Yasikusumbueni. Yapo mia tatu na kumi na mawili mpaka sasa.

Wakili nusura amwage kahawa.

— Mia tatu? Mfanyakazi akipewa maonyo matatu anafukuzwa! Huyu ana mia tatu na bado yupo kazini! Ndugu zangu, huyu ana mkubwa ndani. Huyu ni mtoto wa mtu.

— Asilimia thelathini. Yuko kwenye madirisha.

— Mbona mashine inanguruma hivyo? — Shangazi akauliza, akapitisha kiganja pembeni ya laptopu. — Na inatoa joto!

— Wanachoma matofali, — Plasta akasema bila kupepesa. — Ungetegemea yatoke wapi?

Shangazi akaona asiliache joto lile lipotee bure. Akapanga vikombe vyake vilivyooshwa mbele ya feni, vikakauka vizuri.

Saa tisa ilifika asilimia sitini na moja, ikasimama. Dakika kumi. Dakika ishirini. Sindano alikwenda dukani kwake, akakikunjua kitambaa, akakikunja tena. Akalifungua daftari lake la vipimo, ukurasa wa mdogo wake. Kifua, kiuno, mkono, urefu, vyote vya miaka miwili nyuma. Alishika mkasi. Akauweka. Mtu habaki vilevile miaka miwili, alijua hilo kwa wateja wake wote. Akarudi benchini.

— Saruji inakauka, — Plasta alikuwa anawaambia. — Msiiguse.

— Au wamegoma, — Wakili akasema. — Maonyo mia tatu, hakuna chakula cha mchana. Mimi ningegoma.

— Au ndani kumejaa. — Plasta akainyanyua laptopu kwa mikono miwili, akaipimia uzito. — Imeongezeka! Naapa imeongezeka. Asubuhi haikuwa hivi.

Akairudisha mezani, akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa pimamaji. Akaiweka juu ya laptopu, akafumba jicho moja. Kipovu kikakimbilia kushoto.

— Mnaona? Mnajenga kwenye mteremko! Nyumba gani itapanda hivyo?

— Plasta, programu haijui mteremko…

Plasta hakumsikia. Alikunja kipande cha boksi, akakisukuma chini ya kona ya kushoto mpaka kipovu kikakaa katikati. Laptopu ikaandika: Asilimia sitini na mbili.

Benchi lililipuka. Wakili alimkumbatia Plasta. Shangazi alipiga kigelegele mpaka watu wa duka la pili wakatoka kuangalia. Volti alifungua mdomo aeleze, akaona wenzake wana furaha, akaufunga. Tangu siku hiyo hakuna anayeweza kuwaambia watu wale kwamba kompyuta haihitaji pimamaji.

Saa kumi ikafika mia.

— Paa hilo! — Plasta akapiga saluti.

— Bado kusakinisha, — Volti akasema. — Inataka neno lako la siri, Sindano.

Sindano akaangalia kushoto na kulia. Akainama, akamnong'oneza. Bahati mbaya alinong'oneza kwenye lile sikio lililochoka.

— NINI? KIFUNGO?

— Kifungo! — Wakili akageuka. — Cha miaka mingapi?

— Miwili, — Sindano akajibu kabla hajafikiri.

Hakuna aliyecheka. Wote waliujua ugomvi ule, walikuwapo siku ya kipanya, na Wakili ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Na wote walijua Kifungo ni nani. Ndivyo Sindano alivyomwita mdogo wake tangu akiwa na miaka mitatu, alipomeza kifungo cha koti la mteja, na kaka mtu akakaa naye siku nzima mlangoni pa choo akimsubiri akitoe. Shangazi akammiminia Sindano kahawa bila kuombwa.

Volti akaandika neno lile herufi kwa herufi. Programu ikasakinika. Akalibonyeza faili la gauni, na benchi zima likasogea karibu. Kioo kikawa cheupe, mistari miwili mitatu ikajikunjakunja pembeni kama uzi uliodondoka, kisha kikatokea kisanduku kidogo: Vipimo havijawekwa. Tafadhali weka vipimo vya mvaaji.

— Vipi? — Plasta akauliza.

— Gauni limo, — Volti akasema polepole. — Ila halina vipimo. Ameacha nafasi zote tupu.

— Kwa hiyo tangu saa tatu asubuhi…

— Ndiyo.

— Na anachotaka ni…

— Futi.

Wakatazama futi iliyokuwa shingoni mwa Sindano. Sindano naye akaitazama, kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani akaikuta usoni.

— Hodi hapa, — sauti ya mwanamke ikasema.

Alikuwa amesimama na begi mkononi na vumbi la safari miguuni. Amenenepa kidogo mabegani. Nywele amezikata. Macho ni yaleyale ya mtu aliyemeza kitu na hataki kusema.

— Shikamoo, Kaka. Nimekuja siku moja kabla ya niliyopanga kwa sababu hujanijibu. — Akaiona laptopu, kadi ya maktaba, pimamaji, boksi, vikombe vilivyopangwa mbele ya feni. — Hii ni programu ninayochorea? Mmeijenga wenyewe kutoka kwenye chanzo?

— Tangu msingi, — Plasta akasema.

— Vipimo niliviacha wazi makusudi. Nilitaka unipime wewe, kama zamani. Nilidhani ukiona nafasi zimebaki tupu utaniuliza. — Akaweka begi chini. — Kaka, wiki mbili nzima, kwa nini hukunipigia simu?

Volti aliziangalia simu kumi na moja mezani pake, akazigeuza uso chini moja baada ya nyingine. Wakili, mwenye kifungu cha kila jambo, alizungusha kifungo cha shati lake hadi kikamng'okea mkononi. Plasta ndiye pekee aliyejaribu.

— Tulikuwa bado tunakusanya, — alisema.

Shangazi alilipindua birika. Halikutoa hata tone.

Sindano akaitoa futi shingoni. Ilimchukua muda kuikunjua, kwa sababu macho yalikuwa hayaoni vizuri.

— Volti, andika, — akasema. — Simama wima, Kifungo. Mabega kwanza.

Volti akashika kipanya.