Kompyuta Iliyovalishwa Ganda la Marehemu

Kwenye benchi la Maombi, muuza kahawa wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mlangoni mwa chumba cha kompyuta cha kanisa, hakuna aliyekuwa fundi, na wote walikuwa na dawa. Mulenda, mtunza chumba hicho, ndiye aliyeumwa. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeungua Jumapili, naye akanunua nyingine Lilongwe na kuipakata juu ya kabaza, baiskeli ya abiria, kama mtoto mgonjwa. Iliwaka vizuri, lakini kisanduku cha mtandao kiliinyima anwani. Fundi Olivier, ambaye sasa alikuwa safarini, alikiamuru kisihudumie kompyuta ambayo namba yake hakiijui. Bila anwani hakuna barua, na Kabibi, binti yake Mulenda, aliyekuwa akikimbia vita Uvira, aliahidi kuandika ni siku gani atavuka mpaka wa Kasumulu kuingia Malawi.

Gakiza, waliyemwita Avoka, yaani wakili, alisema kosa ni la mgeni mwenyewe.

— Ilifika bila kujiandikisha. Hata sisi tulipanga laini.

Jirani yake benchini, Nahayo, alidhani kisanduku kinatambua sura. Basi wakaingia chumbani na bisibisi, wakachomoa matumbo ya kompyuta mpya na kuyavisha ganda la marehemu, wakicheka kama watu wa harusi. Kisanduku hakikudanganyika.

— Njo vile, inajua sauti, akasema Nahayo. — Ile ya zamani ilikuwa inakohoa. Directeur, kohoa kidogo.

Mulenda, shemasi kwa miaka kumi na moja, aliinama mbele ya kisanduku akakohoa. Akarudia, kwa sauti nzito zaidi. Gakiza alilazimika kuketi chini kwa kicheko. Mulenda hakuchukia, angekohoa mpaka kesho.

Dévote, mshonaji, alikuwa amefuata kahawa tu. Alichungulia mlangoni, akaitazama meza.

— Baba Kabibi, samahani. Kale kakipande munachomekamo waya wa kisanduku, ni ka ile ya zamani ao ka mupya?

Kipande cha zamani kilikuwa mezani, chini ya kikombe cha Avoka, na juu yake kibandiko chenye namba kwa mwandiko wa Olivier. Namba ilikuwa ya kipande, si ya kompyuta: walikuwa wamehamisha ganda na kuiacha nje.

Mulenda alikifuta kahawa kwa shati lake, akakipachika mwenyewe. Anwani ilitolewa mara moja. Barua ilikuwa moja:

“Papa, navuka Jumatano asubuhi. Mi niko na batoto babili.”

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Nahayo alikuwa amekwisha kutoka kutafuta kabaza ya kumpeleka Mulenda kwenye basi la mpakani.

— Babili? akauliza Mulenda. — Aliondoka Uvira na mumoja.