Dada Mashine na Mwalimu wa Hesabu

Ndugu waombolezaji, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, mimi ndiye niliyemfuata marehemu kuzaliwa, na familia imenituma niwasimulie maisha yake.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, kisha chuo cha uuguzi, na tarehe 1 Februari 1980 akaajiriwa hospitali kuu, kitengo cha damu.

Mwaka 1991 ililetwa mashine ya kutenganisha damu, wenzake wakaiogopa, yeye akaenda kozi miezi sita, akarudi anaijua nje ndani, na tangu hapo akaitwa Dada Mashine.

Tarehe 9 Juni 1992 alipokelewa mwalimu wa hesabu, ambaye miguu yake ilikuwa imelegea ndani ya siku tatu, mikono ikafuata, pumzi nayo ikaanza kupungua, kwa kuwa kinga ya mwili wake ilikuwa imeigeukia mishipa yake ya fahamu. Dada alimweleza mama wa mgonjwa, aliyekuwa akilia, kwamba mashine itaondoa plazma, yaani yale maji ya manjano ya damu yaliyobeba madhara, na kurudisha chembe za damu mwilini pamoja na maji mbadala, mara tano. Mwalimu akasema kwa sauti ndogo, "Dada, usije ukachanganya, nikarudishiwa damu ya mtu asiyejua hesabu," naye akamjibu, "Ukipona utaniambia."

Mara mbili za mwanzo hakukuwa na badiliko, daktari akaandaa mashine ya kupumulia, lakini mara ya tatu kidole gumba cha mguu kilicheza, na dada akapiga kelele hadi wodi ya jirani wakasikia.

Mwalimu aliruhusiwa tarehe 2 Agosti, akitembelea mkongojo, kisha kila Ijumaa akawa anakuja kupima presha isiyo na tatizo lolote, mpaka matroni akamwambia aseme lililomleta. Yeye na dada walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993, wakajaliwa mabinti wawili, mfamasia na fundi umeme, na shemeji yetu huyu hapa, amekuja kwa miguu yake.

Hadi anastaafu tarehe 30 Juni 2018 alikuwa amehudumia kwa mashine hiyo wagonjwa zaidi ya mia nne, si wote waliopona, na wale waliomponyoka aliendelea kuwataja mezani kwetu.

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2023, akatibiwa vizuri, akaendelea kututania, na tarehe 3 Mei 2024, saa nne asubuhi, alifariki kitandani kwake, mumewe akimsomea gazeti.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wenzake, na majirani mliopokezana kumpikia bila kuombwa. Dada, kazi umeifanya, sasa pumzika, sisi tutaendelea.