Kusi Halikufungwa na Mwanamkasi

Sogeeni wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti yangu haifiki mbali tena na hili nnalotaka kulisema halingoji kesho. Mcha, wewe mkubwa, kaa hapa nikuone uso. Ame, mwache huyo kuku, atatoka mwenyewe. Mwanapili mwanangu, nipe maji kidogo kisha unishike mkono, wala usilie, machozi yana siku yake na siku yenyewe haiko mbali.

Mnadhani naogopa kufa. La. Marehemu baba yenu Mjaka ananingoja huko, na ana mengi ya kunijibu. Naogopa kesho. Jana alasiri mlipokaa ukumbini na Hija mkinong'ona, mlidhani nimelala, kana kwamba hamnijui mama yenu. Mpenda umbea halali, hufumba macho tu ili wasemaji wasione haya. Nimesikia kwamba mganga aliyeletwa na Hija amesema upepo wa kijiji hiki umefungwa, na aliyeufunga ni jirani yangu Mwanamkasi, na kesho baada ya sala ya Ijumaa atatolewa nyumbani kwake kwa nguvu na nyumba itatiwa moto. Nikamsikia Hija akiuliza, "Nani atashika kijinga cha moto?" Kisha nikasikia sauti niliyoizaa mwenyewe ikijibu, "Mimi." Ilikuwa yako, Mcha.

Nyamaza, usiniambie "lakini mama." Najua kinachokuuma. Mwaka jana mpunga wako ulirundikwa uwanjani, kila mkiinua uteo wa kupetea na kuumwaga kutoka juu, makapi yakaanguka pamoja na punje, yote mahali pamoja, mkangoja kusi, ule upepo wa kusini, kusi lisije, ikaja mvua badala yake, mpunga ukaota juu ya mkeka. Na mchele wa dukani nao umekuwa hadithi, watu wanapanga foleni toka alfajiri na kurudi na kikapu kitupu. Mtu aliyelaza watoto na njaa hutafuta wa kumlaumu, na Mwanamkasi yuko karibu: mjane, hana mtoto wa kumtetea, na zaidi ya yote, yeye ndiye aliyekuwa akiuita upepo.

Mwanapili, wewe uliyaona ya mwisho mwisho tu. Sisi tulipokuwa wasichana, mwanamke alikuwa hapigi mbinja, yaani mluzi, akipiga huchapwa, isipokuwa siku za kupeta mpunga. Hapo mmoja wetu huchaguliwa, akageukia kusini, akapiga mbinja nyembamba, ndefu, na sisi wengine haturuhusiwi kutamka neno mpaka litikisike jani la kwanza. Wallahi, kwangu mimi kule kunyamaza kulikuwa kazi kubwa kuliko kupeta kwenyewe. Mwanamkasi ndiye aliyekuwa na mbinja ya kutoboa masikio, na kusi likija, kibaba cha kwanza ni chake. Leo watu wanasema, aliyejua kuita ndiye ajuaye kufunga. Tazameni kosa letu, wanangu! Tulimpa shukurani ya kazi ambayo hakuifanya, sasa tunataka kumpa na adhabu yake. Kusi lilikuwa likija kwa wakati wake, na sisi tulikuwa tukipiga mbinja saa ile ile ambayo lingekuja hata tungepiga chafya.

Mimi chuo cha Kurani niliishia juzuu ya Amma, na skuli niliiona kwa nje, lakini macho Mungu kanipa, na pua kanipa ndefu ya kuingiza katika nyumba za watu. Nilipokuwa mtumishi mjini, Shangani, katika nyumba ya ghorofa tatu, nilikuwa nikianika nguo juu kwenye paa, na shuka zikipigapiga mpaka nafunga vibano viwili viwili; nikishuka chini uani, saa ile ile, utando wa buibui hautikisiki. Nani aliufunga upepo wa uani? Kuta. Kuta ndizo zilizousimamisha, na juu ya kuta ukapita zake kama kawaida.

Na hapa kwetu, kabla ya mapinduzi, lilikuwa shamba la mtu mmoja, malisho matupu toka mtoni mpaka kilimani, na kilima chenyewe kipara kama kichwa cha Hija akivua kofia. Kusi likija halikuwa na wa kulizuia. Kisha tukagawiwa eka tatu tatu, na kila mtu akataka mpaka wake ujulikane. Baba yenu akapanda mivinje upande wote wa kusini, Mcha na Ame mkaimwagilia kwa mikono yenu. Jirani akaona, naye akapanda. Barabarani zikasimama nyumba, bega kwa bega. Mwaka wa kwanza makapi yetu yalikuwa yakiruka mpaka kwa Bi Shemsa, naye akija mbio na mwiko mkononi, "Nyinyi wanawake mna kichaa? Mmenijazia pilau yangu makapi!" nasi tukimjibu, "Bi Shemsa, hiyo pilau umepika lini, mbona sisi tunanusa muhogo kila siku?" Baadaye makapi yakawa yanaishia uani kwetu. Baadaye yakawa yanaanguka hatua chache tu kutoka mkekani, na mwisho yakaangukia miguuni petu. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mvinje haurefuki mtu akiutazama, na upepo haukuondoka siku moja ukaaga. Kikulacho ki nguoni mwako, wanangu.

Hamniamini? Asubuhi tokeni mkautazame moshi wa jiko la Mwanapili. Unapanda wima kama mlingoti mpaka juu ya vilele vya mivinje, na hapo ghafla unalazwa, unakimbilia kaskazini. Kusi lipo huko juu, linapita. Na kumbukeni Kizimbani, kwa dada yangu Mwatum: mikarafuu mikongwe ilipokufa ikakatwa, upepo ukaongezeka, makuti ya nyumba yake yakang'oka msimu baada ya msimu. Mbona huko hakutafutwa mwanamke wa kuambiwa ameufungua?

Sisemi miti na nyumba ndiyo yote. Wazee wenzangu wa pwani, huko kusiko na mivinje, nao wanasema kusi la siku hizi si lile la ujana wetu, na pengine huko linakotoka, mbali nyuma ya bahari, kuna jambo limebadilika ambalo mimi silijui. Hilo pia linanitia hofu, maana mtu akiogopa asichokiona hukamata anachokiona. Lakini kama ni huko, mkono wa Mwanamkasi utafika vipi, na yeye hapo Bububu tu hafiki bila ya kupumzika njiani?

Na Hija, huyu mnayemwita ami, mwamjua? Alipofiwa na mkewe, hata siku za watu kuja kumpa pole hazikuisha, alimposa Mwanamkasi. Mwanamkasi akamjibu mbele ya kisima kizima, "Hija, mimi nshamzika mume mmoja, sina nguvu ya kuchimba kaburi jengine." Tulicheka mpaka mitungi ikamwagika. Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikazunguka nyumba baada ya nyumba kuipeleka habari ikiwa moto. Tangu siku ile Hija akipita kisimani hutazama chini. Maji ya chuki hayakauki upesi; yule mganga hakuja kwa ajili ya mpunga wako, Mcha, amekuja kwa ajili ya kicheko kile. Na wewe ndiye utakayeshika moto, wewe ndiye utakayekamatwa, na Hija atakuwa msikitini anavuta tasbihi.

Sasa sikilizeni mali, ni chache. Nyumba hii na shamba mtagawana kama dini ilivyosema, asidhulumiwe Mwanapili hata shina la mgomba. Vikuku vyangu vya fedha ni vya Mwanapili, na Ame asijifanye hajui vilipo, alipokuwa mdogo nilimkuta anavilamba. Lakini theluthi yangu, ambayo Mungu ameniruhusu nimpe nimtakaye, ni ule uwanja wa kupetea na kipande cha mpaka wa kusini kilichosimama mivinje, na nnampa Mwanamkasi. Mmesikia nyote watatu? Nyote ni mashahidi, na shekhe wa msikiti nimeshamwambia alipokuja kunisomea. Ukatwe mlango katika ile mivinje, upana wa uwanja, na majirani waombwe kwa adabu nao wakate, msikate yote mkaja kung'olewa mapaa. Mpunga ukivunwa, mpetee hapo. Kusi likipita, mtajua. Lisipopita, itakuwa Mungu ana sababu yake nyengine, nanyi mtaubeba mpunga kichwani mpaka kule kilimani, mchoke, lakini mikono yenu itakuwa haina damu.

Mwanapili, maji... Basi. Yatosha.

Na la mwisho ndilo kubwa. Nikifa, anioshe Mwanamkasi. Si mwengine. Nnajua mnatazamana. Nnajua hakuna mtu duniani anayemkabidhi mchawi maiti ya mama yake, na ndiyo maana nnataka anioshe yeye, mbele ya wanawake wote wa kijiji, na mlangoni mwa chumba asimame Mcha mwenyewe kumchotea maji. Mwanangu akishamchotea maji ya kuniosha, hatakuwepo wa kumtoa nyumbani kwake tena. Lakini mimi sijui kama nitafika kesho, na wao kesho wanakuja. Kwa hiyo kamlete sasa hivi, Mcha. Jua bado lipo. Kamlete akae hapa hapa kitandani, alale hapa, na atakayemtaka amfuate chumbani kwa mgonjwa.

Ame, radhi zangu unazo, wewe na kizazi chako. Mwanapili, Mungu akupe watoto wakupendao kama ulivyonipenda, na akupunguzie ulimi, usiurithi wangu. Mcha... wewe ndiye wa kwanza kuniita mama. Radhi zako nimezishika mkononi, sijazitoa. Rudi naye nikupe.

Amesimama? Mwambieni asipite kwa Hija. Apite njia ya kisimani... Ame, mfuate kaka yako, usiwe mbali naye.

Baridi inapanda miguuni. Mwanapili, hata wakija watu kunisomea, usiwaache wanifumbe macho, bado sijamaliza kutazama mlango. Jua limefika wapi? ... Mbona wamekawia...

Nyamaza kidogo, mwanangu. Nnasikia nyayo uani. Sikiliza wewe, masikio yangu yananidanganya... Za wanaume wawili tu... au na mwanamke yumo?