Safu Sita za Seleri

Sikieni, wanangu, mnisikie mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Mahlon, shamba ni lako na ng'ombe ni wako, hilo halina mjadala. Nyumba hii ndogo ya uzee wangu ni ya Lovina, na mkeo asianze kupima madirisha yake kwa ajili ya mapazia. Hayo ni mepesi. Zito ni la Lovina, nami nimelikalia miaka thelathini.

Lovina, mwanangu, sogea nikuone. Unamkumbuka Enos Zook, fundi wa hatamu. Vijana wa kanisa letu humwendea msichana usiku kwa siri, wakimmulika tochi dirishani, na mzazi hujifanya hajui. Enos alikuja mchana kweupe, kila Alhamisi saa nne asubuhi, kidevu kimenyolewa kama cha kila mwanamume wetu asiyeoa, akakaa jikoni akimenya njegere na mimi huku wewe ukikanda unga. "Nina miaka thelathini na tisa," alisema. "Nikiruka ua na tochi, hata mbwa watanicheka." Tulicheka mpaka njegere zikamwagika.

Nilikuwa na miaka arobaini na minane, baba yenu ana miaka minne kaburini, na hakuna aliyekuwa akiniuliza nimeamkaje. Enos aliuliza. Nikadhani anakuja kwa ajili yangu. Nilimpenda, wanangu, na aibu yake ninayo hadi leo.

Mwaka ule nikapanda safu sita za seleri. Mnajua ni nyumba gani hupanda seleri nyingi namna ile: yenye harusi baada ya mavuno. Jirani yetu Barbara akaning'ang'ania uani, "We Malinda, zote hizo mtakula na nani? Lovina amepata mtu nini?" Nikamwambia ng'ombe wanazipenda. Moyoni nilikuwa nahesabu wageni wangu.

Oktoba akaja shemasi Yost, na kwetu shemasi ndiye hupeleka posa. Nilipoliona gari lake la farasi nikabadili aproni, nikavaa kofia safi. Akasimama pale kwenye pampu ya maji, akasema, "Enos amenituma. Anamwomba Lovina, na anataka jibu lake."

Wewe ulikuwa upande wa pili wa shamba ukichuma matufaha. Nilipaswa kukuita. Nikasema, "Lovina hamtaki. Ameshaniambia mimi mama yake." Yost akapeleka jibu, na kwa kuwa shemasi akishatumwa posa ikakataliwa halisemwi tena popote, likaishia hapo. Enos akahamia Ontario kabla theluji haijayeyuka. Ukaniuliza, "Mama, mbona Enos haji?" nikakujibu kwamba wanaume ndivyo walivyo. Ukazing'oa zile seleri mwenyewe, safu zote sita, ukawapelekea nguruwe, na mimi nikakutazama tu dirishani.

Niliwahi kupiga magoti mbele ya kanisa zima kuungama kwamba nilimtukana Barbara kwa ajili ya kuku. Kuku! Hili sikuliungama.

Umeuachia mkono wangu. Sawa, mwanangu, ni haki yako. Mahlon, usimkemee dada yako. Nipeni maji kidogo.

Mwezi uliopita tulipomzika Yost, Enos alikuja. Ulimwona, nami nilikuona ukimwona. Mzee wa miaka sitini na tisa, nywele nyeupe pe, na kidevu chake bado kitupu. Hakuoa, Lovina. Tangu siku ile sijapata usingizi wa maana.

Basi... mnivike aproni nyeupe niliyoolewa nayo na baba yenu. Jeneza la misonobari, lisipakwe rangi. Mtu asinisifu. Mungu awafunike, awape watoto wa Mahlon ulimi mkweli kuliko wangu. Lovina, akupe... akupe kile nilichokunyima, kama bado unakitaka.

Shemasi mpya yuko sebuleni, nimemwita mimi. Kesho anakwenda Ontario. Kwetu mwanamke hamtumi shemasi kwa mwanamume, najua, lakini Enos naye alivunja desturi akaja mchana. Kama una neno, mpe mwenyewe, kwa kinywa chako. Kama huna, mpe chai aende zake.

Mlango... uko wazi? Vizuri. Mahlon, nigeuze nitazame ukutani, nisije nikamjibia tena.