Saloua, Aliyezipangia Simu Zamu Hewani

Tarehe 30 Juni Mhandisi Saloua Kammoun anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika kampuni hii ya simu hapa Sfax. Wenzake wameniomba niandike mimi, mama yake, Mannoubia. Kazi yake sijaielewa hadi leo, ila kumsifu hakuna anayeniweza.

Nijuavyo ni hivi: simu nyingi huutaka mnara mmoja kwa wakati mmoja, na Saloua ndiye mtunzi wa utaratibu wa nani apewe zamu. Foleni hewani! Nimetazama juu mara ngapi, sijaona aliyesimama.

Utaratibu wake wa kwanza ulisifiwa mno. Walio karibu na mnara husikika vizuri na humalizwa upesi, basi walitangulizwa wao. Idi ikafika. Mimi nakaa pembeni, mbali na mnara, huku kwenye mizeituni. Asubuhi nzima nilimpigia dada yangu Hallouma, mgonjwa kule Gabès, simu haiendi. Nikaazima simu ya mezani ya jirani, nikamfokea binti yangu: "We Saloua, mama yako umemweka nyuma ya nani?"

Alikuja uso umemshuka. "Umesahau tanuri la baba yako?" nikamuuliza. Kabla ya Idi mtaa mzima ulituletea masinia ya biskuti tuyaoke, na zamu nilipanga mimi. Masinia madogo huiva upesi, lakini ukitanguliza hayo tu, mwenye sinia kubwa atakesha mlangoni. Kwa hiyo nilitazama pia nani amengoja sana. Saloua akachukua mfuko wa unga, akaujaza hesabu. Sikuelewa hata moja.

Mkuu wake, Bwana Fakhreddine, akaukataa utaratibu huo mpya: "Utatupunguzia kasi, bibie."

"Kasi ya nani, bwana? Wa pembeni hawana hata ya kupunguza!"

Ndivyo Saloua alivyomjibu, akaomba mnara mmoja wa kujaribia, wa kwetu; akishindwa, anaacha kazi. Idi iliyofuata Hallouma alipokea kwenye mlio wa kwanza. "Nani huyo anayenipigia makelele?" "Ni mimi!" nikamjibu huku nalia. Sasa minara yote ya mkoa hufuata utaratibu huo. Eti zamu hupangwa mara elfu kwa sekunde moja! Na nani? Sijui.

Ahsanteni wenzake kwa kunitunzia binti yangu. Saloua, Mungu akujaalie afya na miaka ya raha. Lakini kanuni ni yako mwenyewe: aliyengoja sana hatangojeshwa tena. Mimi nimengoja miaka thelathini na minne, mwanangu. Njoo nyumbani.